Mota ya Kuanza na Mota ya Kwenda

Weka simu mfukoni kwanza, ndipo tuzungumze. Haziishi wiki mbili bila kijana kubisha hodi hapa kwangu Njombe, ananionyesha video ya mtu wa nchi za mbali aliyefunga mota mbili kwenye baiskeli moja, anakwenda mpaka mashavu yanapepea. "Mzee Mligo, na mimi nataka kama hii. Si ndiyo kama ile uliyomfungia Mama Ezelina wa Kifanya?" Mimi namuuliza swali moja tu: hiyo ya pili ni ya kazi gani? Wote wananijibu neno moja, mbio. Basi namkaribisha chai, anakunywa, anakwenda zake, na spana zangu zinabaki kwenye boksi.

Sina roho mbaya. Ila baiskeli ya Mama Ezelina haikufungwa mota mbili kwa ajili ya mbio. Ilifungwa kwa ajili ya salamu. Cheka tu, hata mimi nilicheka, kabla mambo hayajanitoa machozi. Na kwa kuwa nimechoka kusimulia kwa mmoja mmoja, leo nasema mara moja kwa wote. Atakayekuja tena kuniuliza habari za mbio nitamfungulia mbwa.

Kazi yangu ilikuwa kusuka mota. Ninyi mmezoea kuiona mota kama kitu cha dukani, ikifa unatupa. Sisi mota ikiungua tuliifungua, tukatoa waya wote uliobabuka, tukahesabu mizunguko mmoja mmoja, tukasuka upya kwa mkono, tukapaka vanishi, tukaikausha polepole jikoni. Nilifanya hivyo Makambako kwa miaka mingi: mota za mashine za kusaga, za misumeno ya mbao, za pampu za maji. Nikiona waya mwekundu wa shaba hata leo vidole vinawasha. Macho ndiyo yaliyonistaafisha, si mimi niliyeomba.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mgaya. Mtu mfupi, mkimya, mbishi kupita kiasi, na koti lake moja la mvua alilolivaa hata kiangazi. Mteja akileta mota, Mgaya hakuuliza kitu. Aliinama, akanusa. Harufu ya vanishi iliyoungua ikiingia puani mara moja hutaisahau mpaka unakufa. Kisha aliigusa kwa nyuma ya mkono, si kwa kiganja. Kijana, hili nalo lishike: ukigusa chuma chenye umeme kwa kiganja, vidole vinajikunja vinakishika, na hukiachii tena. Ukigusa kwa nyuma ya mkono, mkono unaruka wenyewe. Mimi nina vidole vyote kumi kwa sababu hiyo.

Sasa sikiliza habari ya Mdandu, maana bila hiyo hutaelewa ya baiskeli.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu. Mota ya mashine ya kusaga tumeisuka mimi na Mgaya, nzuri, inang'aa, nikapanda nayo lori mpaka Mdandu. Nafika, kina mama wamejipanga na madebe yao tangu asubuhi, wamechoka kungoja, na mwenye mashine naye anataka kazi ianze. Mimi nimeinama nakaza bolti, yeye kumbe huku juu anamimina mahindi. Debe zima. Nikainuka, nikajipangusa, nikawasha kwa mbwembwe ili wanione. Mota ikasema mmmmh. Haikuzunguka. Ikasema mmmmh tena, na moshi ukatoka. Mama mmoja akasema, "Mwe! Fundi katuletea jiko."

Nikarudi Makambako na mota iliyokufa na uongo wangu mkononi. Nikamwambia Mgaya, mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mota.

"Hiyo mashine ilikuwa haisagi mahindi siku zote?"

"Ilikuwa inasaga."

"Basi mzigo si mkubwa. Uliiwasha ikiwa na mahindi ndani."

Akanieleza hapo hapo, akiwa amechuchumaa. Mota iliyosimama, unapoiwasha, inavuta umeme mara nyingi kuliko ikiwa inazunguka. Ikiwa tupu, inachangamka haraka, uvutaji unashuka, hakuna madhara. Lakini ukiiwekea mzigo wote kabla haijaanza, inabaki hapo hapo inakunywa umeme bila kwenda popote, na umeme wote unageuka joto. Iwashe tupu, ikishakolea ndipo umimine. Akanipa waya, akaniambia nisuke upya peke yangu, na chakula cha mchana nisikiulizie. Nilisuka siku tatu. Ungeniuliza wakati ule, ningekuapia kwamba somo hilo halitanitoka kichwani.

Lilinitoka.

Mzee Mgaya alipozeeka alirudi kwao Kifanya, juu mlimani, nyumba ya mwisho kabla ya kuingia msitu wa misonobari. Mimi nikahamia Njombe mjini, nikafungua kibanda karibu na soko. Mota za kusaga zikapungua, watu wakaanza kuniletea baiskeli za umeme. Mwanzoni nilizidharau. Mota ndani ya gurudumu, nikasema hizi ni za kuchezea. Nilipoifungua ya kwanza nikakuta shaba ile ile na vanishi ile ile, nikasema karibu nyumbani.

Ndipo akaja Mama Ezelina. Huyu ni mhudumu wa afya wa kijiji kule Kifanya. Ana mkoba wake wa bluu, ndani kuna kipimo cha presha, dawa za wagonjwa wanaozitumia kila siku, na daftari. Vijana wa kule wameteremka kujenga kando ya barabara, waliobaki mlimani ni wazee, na wazee hao hawawezi kushuka kliniki. Kwa hiyo yeye ndiye anayepanda. Mwenyewe naye goti lake la kulia limekwisha, likipanda mlima kwa miguu linavimba, halikunji kwa siku nne. Wanawe walichanga wakamnunulia baiskeli ya umeme yenye keria imara nyuma. Mota yake ilikuwa ya nyuma, kubwa, ile isiyo na gia ndani. Mota nzuri. Ikishachanganya inapanda bila kuhema, na ukiteremka inakushika, inakuwa kama breki ya pili.

Alinishushia baiskeli hiyo kibandani kutoka kwenye keria ya basi. Sikuuliza kitu. Niliinama nikanusa.

"Imeungua, mama."

"Nilijua, fundi. Ilitoa harufu kama nywele."

Nikaisuka. Kusuka mota ya baiskeli ni kama kudarizi, nafasi ni ndogo mno, lakini nikaisuka vizuri kuliko kiwandani, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Haukupita mwezi akarudi. Harufu ile ile. Nikasuka tena, waya mnene zaidi. Akarudi tena. Mara hii hakukaa hata kwenye benchi.

"Fundi, nikwambie ukweli. Hii ikiungua tena narudisha mkoba wilayani. Goti halipandi, na wewe mota zako hazipandi. Watafute mtu mwingine."

"Yuko mtu mwingine?"

"Hayupo."

Mimi nikashikwa na hasira, ile ya fundi ambayo ni aibu iliyovaa koti. Nilipomaliza kuisuka nikamwambia nitakuja Kifanya nione wewe unaipandishaje, maana nadhani unaitesa. Nikaenda. Yeye juu ya baiskeli, mimi nyuma kwenye pikipiki ya kukodi, ukungu umetanda, njia imechimbwa na malori ya magogo mpaka katikati pamebaki mgongo kama wa ng'ombe aliyekonda.

Nilichokiona ni hiki. Akipanda kidogo, anatokea bibi mlangoni. Ezelina anasimama pale pale kwenye mlima, anashuka, anaegemeza baiskeli kwenye nyonga. "Kamwene." Bibi anajibu, "Kamwene." Wanaulizana habari za nyumba, za mifugo, za watoto walio mbali. Kisha anapanda tena na kuvuta eksileta, pale pale kwenye mwinuko, na mkoba na mwili wote. Mota inanguruma, inajikaza, inaondoka. Hatua hamsini, mzee mwingine yuko shambani. Anashuka. "Kamwene." Kufika juu nilikuwa nimehesabu mara kumi na saba. Nikaigusa mota kwa nyuma ya mkono, mkono ukaruka kwa joto.

Kama wewe si wa huku kwetu nikueleze. Mtu mzima humsalimii ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Unashuka, miguu yako inagusa ardhi aliyosimama yeye. Anayesalimia huku anapita labda anakimbiza habari ya msiba, au ana jambo na wewe. Mimi nimezaliwa ninajua hivyo. Baba yangu angenitandika bakora kwa salamu ya juu juu.

Na bado, nikiwa nimesimama pale juu na mkono unaniwasha, nikamwambia Mama Ezelina maneno ambayo nayajutia mpaka leo. Nikamwambia, "Mama, kinachoua mota ni kusimamasimama. Usishuke. Punga mkono, salimia, endelea. Simama kwa mgonjwa tu, na hapo mwachie dawa mtu wa nyumbani, usikae."

Akaniangalia. "Niwasalimie kutoka juu?"

"Unataka kuwasalimia au unataka kuwafikia?"

Tazama lilivyokaa vizuri mdomoni. Nilijiona nina akili sana siku hiyo.

Na mota ikapona! Mwezi ukapita, wa pili ukapita, Ezelina hakuja kibandani. Niliwaambia watu pale sokoni kwamba nimetengeneza baiskeli bila spana. Nilipopigiwa simu kutoka Kifanya nikajua ni ya kunishukuru. Ilikuwa ya mkwe wa Mzee Mgaya. Mzee ameanguka chooni, mkono wa kushoto umekufa ganzi, presha iko juu sana. Hospitali wamemwona, amerudi nyumbani, lakini njoo wewe, anakusikiliza.

Nilimkuta kitandani na koti lake la mvua juu ya blanketi. Macho yake yalikuwa yamefifia zamani, sasa na mdomo ulikuwa umekwenda upande kidogo. Mkwe wake akaniita pembeni, akanionyesha kopo la majani ya chai. Ndani yake vidonge vya presha, vyote, pakiti juu ya pakiti. Hakumeza hata kimoja tangu mwezi uliopita.

"Anasema hapokei dawa ya mtu anayepita," akaniambia, anafuta machozi kwa kanga.

Nikarudi ndani nikakaa. "Mzee, kwa nini humezi dawa?"

"Dawa gani? Kuna mwanamke anapita hapa na baiskeli, anapiga kelele kamwene, anamtupia mkwe wangu kitu kwenye karatasi. Zamani alikuwa anashuka. Ananishika mkono, ananifunga ule mpira wa presha, ananiuliza nimelalaje. Ndipo nilikuwa nameza. Huyu wa sasa nimemkosea nini?"

Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Lakini kwa Mgaya nilikuwa nimedanganya mara moja tu maishani, kuhusu Mdandu, na ilitosha.

"Si yeye, mzee. Ni mimi niliyemwambia asishuke. Mota ilikuwa inaungua."

Akalivuta koti lake la mvua mpaka kifuani.

"Mdandu mota iliungua kwa nini?"

"Iliwashwa na mahindi ndani."

"Ukamwambia mwenye mashine asilete mahindi tena?"

Nilimsihi ameze, nikamkasirikia, nikapiga magoti kama mtoto. Akasema atameza siku atakapomsikia yule mama anashuka mlangoni pake, si kabla. Ukiujua ubishi wa Mgaya, unajua hapo hakuna mazungumzo. Na Ezelina nilipompitia kumweleza, alilia. Alitaka kupanda kwa miguu siku ile ile, lakini goti lilikuwa limevimba. Akasema, "Jumatano naenda na baiskeli. Nashuka kila mlango. Ikiungua iungue, mkoba naurudisha Alhamisi." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikachukua baiskeli, nikamwomba nirudishe Jumanne.

Basi hapo ndipo mota ya pili inapoingia. Toeni sasa hizo simu zenu kama mnataka kuandika.

Mota ile kubwa haikuwa na ubaya katika kwenda. Ubaya ulikuwa katika kuanza. Nilihitaji kitu cha kuinua baiskeli kutoka kusimama, halafu kumkabidhi mkubwa mzigo ukiwa tayari unatembea. Kibandani nilikuwa na mota ndogo ya gurudumu la mbele, nimeitoa kwenye baiskeli ya mteja wa Makambako iliyokanyagwa na lori. Hii ndani ina gia. Mota yenyewe inazunguka haraka ndani huku gurudumu linakwenda polepole, kwa hiyo hata ukiondoka mlimani haikwami, inachangamka. Halafu ina kilemba cha ndani kama cha gurudumu la nyuma la baiskeli ya kawaida: usipoitumia, gurudumu linajizungukia, mota imelala, haikuvuti nyuma. Ukiitumia peke yake mlima mzima itachemka, ni ndogo. Ya kuondokea tu. Mwenzie ni wa safari.

Nilidhani itanichukua siku moja. Ilinichukua zote nne, kwa sababu nilikosea kila panapokoseka.

Kosa la kwanza, niliziunganisha mota zote kwenye kontrola moja, kwa uvivu. Kontrola ni ile boksi inayoigawia mota umeme kwa zamu, na inahesabu zamu hizo kwa mota moja. Mota mbili tofauti hazitembei zamu moja. Ilipiga kelele ya panya, ikafa. Kila mota na kontrola yake, jamani. Betri ndiyo wanayochangia.

Halafu nikaamini rangi za waya. Kijani kwa kijani, njano kwa njano, safi. Nikavuta eksileta, ndani ya gurudumu nasikia mota inalia ziii, gurudumu limesimama kimya. Nikasema gia zimesagika. Nikafungua yote, nikatandaza gia kwenye gazeti, nzima kabisa, jino halijapungua. Nimekaa naziangalia nusu siku. Kumbe mota ilikuwa inazunguka kinyumenyume, na kile kilemba kinaiacha ijizungukie bila kushika. Rangi ni za mwenye kiwanda, kila kiwanda na zake. Nilibadilisha nyaya, gurudumu likaondoka nusura linichukue kidevu.

Kuhusu uma wa mbele, yaani pale gurudumu linapofungwa: uma wa baiskeli haukutengenezwa kwa mota. Mota ikivuta mbele, akseli yenyewe inataka kujizungusha nyuma, inalegeza nati, na gurudumu linachomoka. Nilichukua spana namba kumi ya zamani, nikailaza kwa tupa mpaka ikaikaba akseli pale palipokatwa bapa, mkia wake nikaufunga kwenye uma kwa klipu mbili za chuma. Watu wananicheka kwamba baiskeli ile ina spana imesahauliwa. Acha wacheke. Hiyo spana ndiyo inayolinda meno ya Mama Ezelina.

Breki nayo, we acha tu. Ukishika breki, lazima ikate umeme wa mota zote mbili. Mimi niliunganisha ya nyuma, ya mbele nikasema kesho. Nikaijaribu pale uwanjani kwa wauza mbao. Nashika breki, nyuma pametulia, mbele panavuta tu. Niliingia kwenye rundo la mbao za mtu na umri wangu huu. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unataka futi ngapi?"

Na betri. Ukivuta zote mbili kwa pamoja, betri inajiona inanyang'anywa, inajizima yenyewe, na umebaki katikati ya mlima. Nikapunguza kwenye kila kontrola kiasi inachoruhusiwa kuvuta, mpaka zote mbili kwa pamoja zisizidi uwezo wa betri. Kasi ikapungua. Ndiyo, ilipungua! Mwambieni na yule wa video.

Niongeze moja ya pembeni kabla sijasahau. Mkulima mmoja wa viazi wa Iwawa, anakaa juu, alikuwa anajaza betri mpaka pomoni asubuhi, halafu anateremka. Mota isiyo na gia inapokushika mteremkoni inarudisha umeme kwenye betri. Betri imejaa, utaurudisha wapi? Kontrola ikaachia, mshiko ukapotea ghafla, akashuka na breki za raba zilizolowa huku anaita majina yote ya Mungu. Alipona. Ukikaa mlimani, usijaze betri kabla ya kuteremka. Anayekaa bondeni ajaze tu.

Mwisho nilijiuliza eksileta iwe moja au mbili. Moja ni rahisi, lakini mbele kwenye changarawe gurudumu linateleza, na mota zote zinaanza pamoja, tumerudi Mdandu. Nikaweka mbili. Kidole gumba cha kushoto, ile ndogo. Mkono wa kulia, kubwa. Jumanne nikamfundisha Mama Ezelina: gumba kwanza, hesabu moja, mbili, tatu, baiskeli ikishatembea ndipo kulia, kisha achia gumba. Alikosea mara mbili tatu, ya nne akaondoka kama amezaliwa nayo.

"Na nikikutana na watu kumi na saba?"

"Washukie wote kumi na saba."

Jumatano nilitangulia kupanda, nikakaa kwa Mgaya. Nilimkuta kwenye kiti nje, wamemfunika blanketi, mkono wa kushoto ameulaza mapajani. Mkwe wake alileta kikombe cha maji, akakiweka kwenye kigoda pamoja na lile kopo la majani ya chai, akarudi ndani kwa haraka kama anayeogopa kuomba kitu. Tulikaa. Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote ya kazi. Nilijua ikiungua leo, mkoba unarudi kesho, na huyu mzee atakufa kwa kichwa chake kigumu na kwa mdomo wangu mrefu.

Tukaisikia kabla ya kuiona. Inanguruma, inanyamaza. Kimya. Hapo kuna mtu anasalimiwa. Kisha ziii nyembamba, halafu mngurumo mnene, halafu ile nyembamba inapotea. Inapanda. Inanyamaza tena. Mgaya alikuwa ameinua kichwa. Masikio yake hayakuwa yamezeeka. Kila mara ile sauti ndogo ilipoanza, kidole chake cha mkono mzima kilikuwa kinagonga gonga blanketi, moja, mbili, tatu, kabla ya ile kubwa.

Ezelina akafika. Akazima. Akashuka, na goti lake lile, miguu yote miwili chini. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta, akamjia mzee, akamshika mkono ule uliokufa ganzi kwa mikono yake miwili.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Umepotea sana."

"Nimepotea, baba. Nisamehe."

Mimi nikainuka nikaenda kwenye baiskeli, nikajifanya naikagua, ili nisionekane uso. Niligusa mota ya nyuma kwa nyuma ya mkono. Uvuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichokaa. Nikagusa ya mbele. Hivyo hivyo. Nikabaki nimeinama pale nashika chuma na machozi yananidondoka kwenye spana namba kumi, na sioni aibu kuwaambia.

Alimpima presha, akaandika kwenye daftari lake, wakazungumza mambo yao ya kulala na kuamka. Alipomaliza akasema anakwenda nyumba ya upande wa pili wa msitu, kwa bibi mmoja. Kutoka kwa Mgaya kwenda kule ni mwinuko mkali kuliko wote. Akapanda, gumba likabonyeza. Ziii. Baiskeli ikaanza kutembea. Moja, mbili, tatu. Kubwa ikapokea, ndogo ikanyamaza, na yeye akapotea kwenye misonobari.

Mzee Mgaya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia na yale macho yake yasiyoona.

"Mligo. Sasa umewasha bila mahindi."

Akanyoosha mkono mzima, akapapasa kigoda mpaka akalipata lile kopo. Nilimfungulia, akameza vidonge vyake, akamalizia na maji.